Kutoka tuta la Kerende hadi kwenye mashine: namna ya kupima vitamini bila kuipoteza njiani

Una viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, shambani Kerende wilayani Tarime, na unataka kujua vina vitamini A kiasi gani. Labda ni mwanafunzi wa chuo na utafiti wako unakudai. Labda ni afisa ugani. Labda una kikundi kinachosaga unga, na mteja wa Tarime mjini amekuomba karatasi ya maabara. Kazi hii inawezekana. Twende taratibu.

Jambo moja likae kichwani kabla hujashika jembe: mashine husoma kile ulichoifikishia, haisomi kilichokuwa shambani. Karotenoidi, yaani zile rangi za njano na chungwa ambazo baadhi yake mwili huzigeuza vitamini A, huharibiwa na mwanga, hewa, joto na asidi. Vitamini C huanza kupotea mara jani linapokatwa. Ukishinda na sampuli kwenye jua la Nyamongo kutwa nzima, hakuna kromatografia itakayokurudishia kilichoondoka. Ndiyo maana nitakaa nawe zaidi shambani na mezani kuliko mbele ya mashine.

Swali kwanza, mashine baadaye

Andika kwenye daftari, kwa sentensi moja, unachotaka kujua. "Kupima vitamini" si swali. "Beta-karotini kiasi gani katika viazi vya Kabode vilivyochemshwa" ni swali, na linakuonyesha njia.

Kwa viazi lishe, lenga beta-karotini. Ndiyo sehemu kubwa ya rangi yake. Mbegu kama Kabode, Ejumula na Jewel zilisambazwa Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo, kupitia mradi wa Marando Bora wa kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, kati ya 2009 na 2012. Muulize mwenye shamba alipata marando wapi. Jina la mbegu ni sehemu ya sampuli. Bila jina, namba yako itabaki peke yake.

Kwa majani kama mgagani, matembele, msusa, kisamvu au majani ya kunde, tarajia luteini na beta-karotini kwa wingi, zikiwa zimefunikwa na kijani cha klorofili. Kwa papai, tafuta pia beta-kriptoksanthini. Nyanya imejaa laikopini, ambayo ni nyekundu na nzuri kwa mengine lakini haitengenezi vitamini A.

Mahindi ya njano ya kawaida huwadanganya wengi. Unjano wake unatokana zaidi na luteini na zeaksanthini, na hizo mbili mwili hauzigeuzi vitamini A. Usimwambie mama yeyote kwamba kila kitu cha njano kina vitamini A. Kutenganisha rangi zinazofanana kwa macho ndiyo kazi yenyewe ya kromatografia.

Kwa mafuta ya kupikia ya dukani, unachotafuta kimebadilika. Kanuni za nchi zinataka mafuta yaongezwe vitamini A. Hapo unapima retinoli, si karotini. Standadi yake, yaani kemikali safi ya kulinganishia, ni nyingine, na mwanga wa kuisomea ni mwingine.

Ingia kijijini kwa adabu

Pita kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa ugani kabla ya kwenda shambani. Kerende iko jirani na mgodi wa North Mara. Mgeni anayetembea na mifuko ya sampuli, mzani na boksi la barafu atadhaniwa anatafuta dhahabu, na watu wana haki ya kuuliza. Eleza wazi: ni viazi, ni majani, ni vitamini. Nunua viazi kwa bei ya soko. Usichukue bure kwa jina la utafiti.

Mwahidi mwenye shamba kwamba utarudi na majibu, kisha weka tarehe ya kurudi kwenye daftari lako siku hiyohiyo.

Chimba kama unayehesabu

Usichukue kiazi kimoja kikubwa kilichonona. Chukua angalau vitano, kutoka matuta tofauti, vidogo kwa vikubwa. Acha vilivyotobolewa na fukusi au kukatwa na jembe, kwa sababu kidonda huharakisha uharibifu.

Andika tarehe ya kupanda, tarehe ya kuchimba, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Kiazi cha masika kina maji mengi. Usipojua maji, utadhani mbegu ni dhaifu kumbe imenywa tu.

Tumia penseli kwenye lebo. Wino wa kalamu na wa maka huyeyuka ukiguswa na asetoni au spiriti, na utajikuta na mifuko 20 isiyo na majina. Weka lebo moja ndani na nyingine nje.

Osha, futa maji, na usimenye kama kaya hiyo hula viazi vilivyochemshwa na maganda. Pima kile kinacholiwa, kwa namna kinavyoliwa. Ukitaka kulinganisha kibichi na kilichopikwa, kata kila kiazi kwa urefu katika vipande vinne. Vipande viwili vinavyotazamana vipimwe vibichi, viwili vingine vichemshwe. Kwa njia hiyo unalinganisha kiazi na nafsi yake.

Funga kwenye foili, kisha kwenye mfuko wa zipu, na utoe hewa kwa kukandamiza. Foili ni kinga ya mwanga, mfuko ni kinga ya hewa. Usiruke hatua yoyote kati ya hizo.

Majani yanataka haraka zaidi. Chuma asubuhi mapema, jani la umri uleule kwa kila mche, ondoa vikonyo vigumu kama mpishi afanyavyo, na weka kwenye barafu palepale. Ukitaka vitamini C, usisubiri maabara. Beba chupa nyeusi yenye asidi ya metafosforiki ya asilimia 3, iliyopoa. Pima gramu zako, saga ndani ya asidi hiyo hapohapo kwenye kivuli. Asidi huzuia vimeng'enya vya jani visiile vitamini C.

Asidi hiyohiyo ni adui wa karotenoidi. Gawa jani mafungu mawili tangu mwanzo: fungu la vitamini C kwenye asidi, fungu la karotenoidi kwenye foili bila asidi. Usijaribu kupima vyote kwenye chupa moja.

Safari ndiyo mtihani

Kutoka Kerende unatoka Nyamongo hadi Tarime, unashika barabara kuu, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, unapita Bunda, Lamadi na Magu mpaka Mwanza. Ni safari ndefu, na mchana ndani ya gari kuna joto. Gandisha chupa za maji siku mbili kabla, zipange chini na juu ya sampuli, na ondoka alfajiri. Boksi likae kwenye kivuli miguuni pako, lisipande juu ya keria.

Nimewahi kuona kazi ya wiki tatu ikipotea kwa sababu boksi liliachwa dirishani mwa ofisi moja wakati watu wanakula chakula cha mchana. Viazi havikuonyesha tofauti yoyote kwa macho. Grafu ilionyesha. Tangu hapo sampuli zangu hazikai popote ambapo mimi mwenyewe nisingelala.

Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha kwa siku chache. Ukitaka kuhifadhi miezi, omba ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia. Gandisha maji kwenye kikombe kilichoinamishwa, kisha kisimamishe wima ndani ya friza. Ukikuta barafu imeyeyuka na kuganda upya ikiwa imelala sawa, ujue sampuli ziliyeyuka pia. Andika hilo. Usilifiche.

Ukiamua kwenda kaskazini, Sirari iko karibu, na Nairobi kuna maabara ya chakula na lishe ya CIP inayoitwa FANEL, katika eneo la taasisi ya ILRI. Mazao hayavuki mpaka kwa salamu tu, hata hivyo. Omba cheti cha afya ya mimea kwa TPHPA upande wetu, na kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS upande wa Kenya. Anza kufuatilia wiki kadhaa kabla ya kuchimba, si baada.

Kwa ndani ya nchi, bisha hodi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Piga simu kabla ya kusafiri na uulize maswali manne. Mnapima beta-karotini yenyewe au jumla ya karotenoidi? Mnatumia kolamu gani? Kwenye sampuli mliyoiongezea kiasi kinachojulikana, mnarudisha asilimia ngapi? Na kipimo hicho, hichohicho, kina ithibati ya ISO/IEC 17025? Maabara inaweza kuwa na ithibati ya risasi kwenye maji na isiwe nayo ya vitamini.

Je, unahitaji HPLC kweli?

Swali hili litakuokolea fedha. Kwa viazi lishe, spektrofotomita ya kawaida, inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, inakupa jibu zuri la kwanza, kwa sababu karibu rangi yote ni beta-karotini. Chuja mbegu zako 30 kwa spektrofotomita, kisha peleka tano bora kwenye HPLC, mashine ya kromatografia inayotenganisha rangi moja moja.

Kwa mahindi, papai na majani, usijaribu njia hiyo ya mkato. Spektrofotomita hujumlisha rangi zote kama karani anayehesabu watu bila kuuliza majina. HPLC ndiyo huuliza majina.

Kuna pia kifaa cha mkononi kiitwacho iCheck Carotene, cha kampuni ya BioAnalyt ya Ujerumani. Unaingiza dondoo kwenye kichupa chenye viyeyushi, unatikisa, unasubiri vitengane, unasoma. Kinafaa kijijini pasipo na umeme wa uhakika. Nacho hujumlisha, kwa hiyo kitumie pale jumla inapotosha.

Vitamini C ina njia ya bei nafuu pia: kudondoshea rangi ya DCPIP hadi waridi ibaki. Shule yenye biureti inaweza. Kwa juisi nyekundu ama zambarau macho yatashindwa kuona mwisho. Hapo rudi kwenye HPLC.

Kutoa rangi kwenye kiazi

Hapa ndipo mikono hupimwa. Zima taa nyeupe, funga mapazia, washa taa ya njano au nyekundu hafifu. Funga chupa zako na foili. Maliza kazi siku moja. Ukiona hutamaliza kabla ya jioni, usianze sampuli mpya.

Saga kiazi kiwe laini na kichanganyike sawasawa. Pima gramu 2 hadi 5. Weka kwenye kinu na asetoni iliyopoa toka kwenye jokofu. Twanga, chuja, rudisha masalia kwenye kinu, ongeza asetoni, twanga tena. Endelea hadi masalia yawe meupe na asetoni itoke bila rangi. Mara tatu au nne hutosha. Rangi ikibaki kwenye masalia, hiyo ni vitamini unayoitupa.

Sampuli kavu, kama unga au michembe, usiitwange moja kwa moja. Iloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu kidogo kwa dakika 10 hadi 30. Asetoni haiingii vizuri kwenye chembe iliyokauka kama jiwe. Wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu unga.

Mimina petroli etha kwenye faneli ya kutenganishia, ongeza dondoo lako la asetoni kidogo kidogo, kisha maji taratibu ukiyapitisha ubavuni mwa kioo. Usitikise. Ukitikisa utapata povu zito lisilotengana, nawe utakaa nalo hadi jioni. Rangi itapanda kwenye etha juu, asetoni itashuka na maji. Mwaga maji, rudia mara tatu au nne. Pitisha etha kwenye sodiamu salfeti kavu inyonye unyevu uliobaki.

Weka BHT ya asilimia 0.1 kwenye kiyeyushi tangu mwanzo. Hiyo ni kinga ya hewa. Kwa nyanya na papai, ambazo zina uchachu, ongeza kalsiamu kaboneti kidogo wakati wa kutwanga. Ukikausha dondoo, joto lisizidi nyuzi 35, na maliza kwa kupuliza naitrojeni, si kwa kuacha chupa wazi kwenye meza.

Kuchemsha na potashi ili kuvunja mafuta, yaani saponifikesheni, kuna mahali pake. Mawese, papai na pilipili vinahitaji. Majani mara nyingine yanahitaji ili kuondoa klorofili. Viazi lishe havihitaji. Usifanye kwa mazoea. Kila kuosha potashi kunaondoka na luteini.

Sasa hesabu. Soma etha yako kwenye nanomita 450. Zidisha kipimo ulichosoma kwa ujazo wa dondoo kwa mililita, zidisha kwa 10,000. Gawanya kwa 2,592, ambayo ni namba ya beta-karotini katika petroli etha, kisha gawanya kwa gramu za sampuli. Tuseme umesoma 0.52, ujazo ni mililita 50, sampuli gramu 2. Unapata takriban mikrogramu 50 kwa kila gramu ya kiazi kibichi. Ukisoma zaidi ya 0.8, zimua dondoo na usome tena.

Siku hiyohiyo, kausha kipande kingine cha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Bila uzito mkavu huwezi kulinganisha kiazi cha Kerende na cha Serengeti, wala cha vuli na cha masika.

Mbele ya HPLC

Mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet alipitisha rangi za majani kwenye bomba la kioo lililojazwa unga wa chaki, akaona mistari ya kijani na njano ikijitenga. Alieleza kazi hiyo Warsaw mwaka 1903, na mwaka 1906 akaipa jina kromatografia. Kolamu ya leo ni bomba lilelile. Limekuwa jembamba, chembe zake ni ndogo, na pampu inasukuma.

Chagua kolamu kwa swali lako. C18 iko karibu kila maabara na inatosha kwa beta-karotini ya viazi, na kwa vitamini A na E. Ila luteini na zeaksanthini hushikamana humo. C30, iliyoundwa na watafiti wa NIST wa Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya karotenoidi hasa, huzitenganisha. Hutenganisha pia beta-karotini iliyonyooka na ile iliyopinda kwa sababu ya joto la kupika. Kama unapima chakula kilichopikwa au kukaushwa, dai C30.

Kwa C30, viyeyushi vya kawaida ni methanoli na MTBE, na maji kidogo. Asetonitrili ni ghali na hapa kwetu huchelewa kufika. Panga kazi yako kwa methanoli.

Weka oveni ya kolamu kwenye joto moja lisilobadilika. Chumba cha Mwanza saa nne asubuhi si chumba kilekile saa nane mchana, na vilele vya grafu yako vitahama na saa. Nimeona mtu akiita kilele kilekile majina mawili kwa siku moja kwa sababu hiyo tu.

Yeyusha dondoo lako kwenye kitu kinachofanana na kinachopita kwenye kolamu. Ukiingiza kiasi kikubwa cha etha au asetoni tupu, kilele kitapasuka vipande viwili, nawe utadhani umegundua rangi mpya. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 au 0.22 kabla ya kuingiza. Kolamu ni ghali. Kichujio ni rahisi.

Usiamini muda wa kutoka peke yake. Tumia detekta ya safu ya dayodi na utazame umbo la mwanga uliofyonzwa. Beta-karotini ina kilima kikubwa karibu na 450 na kingine karibu na 478. Luteini iko chini kidogo, karibu na 445 na 474. Ukiona kilima cha ziada karibu na 340, hiyo ni karotini iliyopinda. Jua joto au mwanga umepita hapo. Retinoli ya mafuta ya dukani itafute 325. Vitamini E isome kwa detekta ya mng'ao, mwanga uingie 295 utoke 330. Vitamini C, kati ya 245 na 265 kutegemea uchachu wa kimiminika.

Standadi ya duka si Msahafu. Beta-karotini huharibika hata ndani ya chupa iliyofungwa. Kila unapoifungua, iyeyushe, isome kwa spektrofotomita, ukokotoe nguvu yake halisi. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Chora mstari wa viwango vitano, na sampuli zako ziangukie ndani ya mstari, sio nje.

Tengeneza sampuli ya ulinzi. Saga kilo moja ya unga wa viazi lishe, changanya vizuri, gawa kwenye pakiti ndogo za foili, zihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila siku ya kazi, pima pakiti moja pamoja na sampuli zako. Siku pakiti hiyo ikitoa jibu la ajabu, usitoe majibu ya mtu yeyote. Tafuta kosa kwanza. Nakuomba uifanye hata kama hakuna mkaguzi anayeidai.

Unganisha mashine na UPS. Umeme ukikatika katikati, pampu husimama na kolamu hubaki imejaa kiyeyushi na sampuli. Ukirudi, osha kolamu kwanza kabla ya kuendelea.

Mashine mpya, na lini uzihangaikie

UHPLC hutumia chembe chini ya mikromita 2 na shinikizo kubwa zaidi. Inamaliza haraka na inakula kiyeyushi kidogo. Ukiipata, itumie, ila chuja sampuli kwa makini zaidi kwa sababu inaziba upesi.

LC-MS/MS inapima uzito wa molekuli na vipande vyake. Iombe kwa foleti, B12, vitamini D na K, ambazo ziko kwa kiasi kidogo mno. Foleti hutaka vimeng'enya vitatu kabla ya kufika mashineni, na mkono mzoefu. Usianzie hapo. Kwa karotenoidi, mwambie mtaalamu atumie chanzo cha APCI.

B1 na B2 hazidai hayo yote. B1 igeuze thiokromu, kisha isome kwa mng'ao. B2 inang'aa yenyewe, lakini mwanga huiua upesi kuliko karibu vitamini zote za kundi B. Foili tena.

Ipo pia kromatografia inayotumia kaboni dayoksaidi iliyoshinikizwa badala ya viyeyushi vingi. Inafaa sana kwa vitamini za mafuta na karotenoidi, nayo inapunguza uchafu. Ni nadra kuipata upande wetu. Ukipata nafasi ya masomo mahali ilipo, jifunze uje nayo.

Onyesho la shule

Mwalimu wa kemia wa sekondari yoyote ya Tarime anaweza kuonyesha utenganishaji huu wa rangi kwa kipindi kimoja. Saga majani ya matembele na mchanga safi na asetoni kidogo. Dondosha kijani hicho kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, sentimita mbili kutoka chini, acha kikauke, rudia mara kumi mahali palepale. Simamisha ukanda kwenye chupa yenye petroli etha sehemu tisa na asetoni sehemu moja, doa likiwa juu ya kimiminika. Funika.

Karotini itakimbia mbele kabisa, njano ya chungwa. Luteini na wenzake watafuata, kisha klorofili mbili, ya bluu-kijani na ya njano-kijani. Wanafunzi waone kwamba chungwa ilikuwemo ndani ya jani la kijani muda wote. Fungua madirisha, weka mbali kila moto, na kamwe usitumie petroli ya pikipiki badala ya petroli etha.

Mabaki ya viyeyushi yakusanye kwenye chupa yenye lebo uyarudishe maabara. Usimwage shimoni, wala kwenye mtaro unaoelekea Mto Tigithe. Watu wa huko wameshateseka vya kutosha kwa sababu ya maji yaliyochafuka.

Rudisha majibu kwa lugha ya jikoni

Mwenye shamba hahitaji nanomita. Geuza namba. Mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula huhesabiwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli. Kiazi chetu cha mikrogramu 50 kwa gramu kinatoa 5,000 kwa kila gramu 100, yaani takriban 417 za retinoli. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300 kwa siku. Kuchemsha hupunguza kiasi, lakini sehemu kubwa hubaki. Kwa hiyo unaweza kumwambia mama, ukionyesha kwa ngumi: kiazi kimoja cha ukubwa huu, na mafuta kidogo kwenye mboga, kinamtosha mtoto huyu leo. Mwambie pia kwamba matone ya vitamini A ya kliniki, ya Juni na Desemba, yaendelee.

Na kama kaya hukausha michembe, ongeza kipimo kimoja zaidi. Uganda, vipande vikavu vya viazi lishe vilivyowekwa miezi 4 kwenye joto la kawaida vilipoteza takriban asilimia 70 ya karotenoidi zilizokuwa zimebaki baada ya kukaushwa. Kukausha kwenyewe kulipoteza kidogo kuliko kuhifadhi. Chukua michembe ya wiki hii, gawa mafungu mawili. Moja ligandishe leo. La pili liache kwenye gunia lilelile, chumba kilekile cha mama huyo. Rudi baada ya miezi 4, ulichukue, uyapime yote mawili siku moja, kwa kolamu moja, kisha umpelekee majibu kabla hajakausha mavuno mengine.